Feni ya Bwana Mwadime

Wiki yangu ya mwisho kazini, nyinyi vijana wa karakana mlileta kasha la kompyuta kutoka stoo ya ile kliniki, mkalifungua, mkacheka mpaka mkakaa chini. Ndani hamkukuta bodi, hamkukuta diski, hamkukuta chochote ila feni moja nyeusi iliyofungwa kwa skrubu nne, na nyaya mbili zinazokwenda kwenye adapta. Nje limepigwa kwa rangi nyeupe namba ya mali ya kliniki, safi kabisa. Mmoja wenu akauliza ni fundi gani mpumbavu aliyeunda kitu kama hiki. Mimi nilikuwa nakunywa chai, nikaendelea kunywa. Fundi mwenyewe ni mimi, na kwa kuwa mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau, nitaeleza lile kasha lilitoka wapi.

Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, na kila kimoja kilinijia na meza kubwa zaidi na kazi ileile. Mshahara nao sina la kuusemea mbele ya watu wazima.

Nilianzia kwa Mzee Kilonzo, fundi wa taipureta, kwenye kibanda cha mabati karibu na stesheni ya reli hapa Voi. Nilikuwa msichana nimetoka shule juzi, buibui bado lina mikunjo ya dukani, na nyumbani walidhani nimeajiriwa kupiga taipu. Siku ya kwanza Mzee Kilonzo aliniwekea taipureta mbele yangu akasema, "Piga." Nikapiga. Akauliza, "Umesikia nini?" Nikamwambia nimesikia taipureta. Akaichukua akairudisha kabatini, nikashinda nikifagia. Siku ya pili vilevile, ya tatu vilevile, nami nikaanza kuamini kwamba mzee huyu ana lake jambo. Siku ya tano nikasikia kwamba kuna herufi moja inagonga kwa kuchelewa, kama mtu anayekokota mguu, nikamwonyesha ni ipi. "Sasa shika bisibisi," akasema.

Hakuwa mpole, na msije mkamfanya mtakatifu kwa sababu amekwisha kufa. Mteja akileta mashine iliyomwagikiwa chai, alimuuliza kama mashine ndiyo iliyoomba chai. Lakini aliniachia kitu kimoja ambacho kozi zote za baadaye hazikunipa: alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya mashine inayokwenda, na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, na akakwambia ugonjwa uko wapi kabla hajafungua skrubu hata moja. Nyinyi leo mnaunganisha kompyuta nyingine ili iwaambie. Sawa. Masikio yenu mmeyawekea muziki.

Miaka ya tisini ilipoingia, taipureta zikaanza kuhamia stoo na kompyuta zikaingia maofisini. Wakati huo nilikuwa nimeshahamia karakana hii, ikanipeleka Mombasa kozi ya wiki mbili. Wiki ya kwanza tulifundishwa tusiguse kitu, ya pili tukapewa vyeti. Nikarudi Voi nikiwa fundi wa kompyuta, kwa sababu moja tu, kwamba wenzangu waliogopa kuzifungua.

Sasa ile kliniki. Jina lake sitalitaja, na wanaoijua wanaijua. Ilikuwa ya wafadhili, majengo mazuri, maua yamepandwa kwa mstari, na meneja wake alikuwa Bwana Mwadime. Bwana Mwadime hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele sitapata nafasi ya kulisema. Alipenda tai, vibao na barua. Ukimsalimia, alikuitikia kama anayekuwekea sahihi.

Wafadhili walileta kompyuta kuukuu iliyokwisha kuchoshwa na wengine ng'ambo, nami nikaambiwa niigeuze seva, yaani ile mashine moja inayoweka kadi za wagonjwa wote, halafu kompyuta za mapokezi, za dawa na za maabara ziwe zinachota humo kwa waya. Kazi haikuwa ngumu. Shida ilikuwa ikae wapi. Mimi nilipendekeza stoo ya shuka. Bwana Mwadime akachagua chumba cha kupimia wajawazito. Alisema kina grili madirishani, kina soketi nzuri. Kweli vyote vilikuwepo, lakini kikubwa ni kwamba dirisha lake lilielekea barazani, na mgeni yeyote akipita angeiona seva bila kuomba. Mgeni wa heshima akaja, akakata utepe, kikapigiliwa ukutani kibao cha shaba kinachosema seva imezinduliwa hapa. Kuanzia hapo haikuweza kuhamishwa hata kwa winchi, maana kibao kilikuwa kimeshasema.

Mke wa Bwana Mwadime akaishonea kitambaa. Mnavijua vile vitambaa vya krosheti, vyenye maua na pindo la mawimbi, vya kufunika redio, televisheni, makochi na kila kitu ambacho hakijatembea. Hiki kilikuwa kizuri, sitamnyima haki yake. Kilifunika seva juu, kikaning'inia nyuma juu ya matundu ya hewa, na mbele kikashuka mpaka kwenye taa na swichi.

Miezi michache ya vumbi letu jekundu ikatosha. Feni ikaanza kulalamika, halafu ikaanza kukoroma, halafu ikawa inanguruma kutwa kucha kama posho mill inayosaga mahindi. Watu wa mapokezi walizoea. Bwana Mwadime aliipenda. Alikuwa akisimama barazani na wageni, ananyoosha kidole, anasema, "Mnaisikia? Inafanya kazi."

Aliyeishi nayo chumbani ni Sista Wakesho. Alikuwa mkunga, mwenyeji wa Wundanyi, mrefu, mwenye maneno machache na yote yamenyooka. Mashine ya umeme ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni ilikuwa imeahidiwa tangu kliniki inafunguliwa, na ilikuwa bado inaahidiwa. Kwa hiyo alitumia kile kipembe cha mbao, kipana upande mmoja na chembamba upande mwingine: unaweka kwa tumbo la mama, unaegemeza sikio, unatulia, unahesabu. Shida ni huko kutulia.

Siku moja nimekwenda kubadilisha waya wa maabara, akanishika mkono. "Bi Rukia, kuja usikie mwenyewe."

Kitandani alikuwa mama mmoja kutoka Bura, jina lake Mkanjala. Sista akamwambia, "Mama, huyu ndiye fundi wa hii mashine. Utamruhusu asikilize kidogo? Ni mwanamke mwenzetu." Mkanjala akaitikia kwa kichwa. Nikainama, nikaweka sikio kwenye kipembe. Mtoto sikumsikia. Nilisikia feni, tena vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia, imepanda kwenye meza ya chuma, ikashuka sakafuni, ikapanda kitanda, ikaniingia sikioni.

"Hiyo ndiyo nasikia kila Jumanne na kila Alhamisi," Sista akasema.

Mkanjala alikuwa akimtazama yeye, si mimi. "Anapiga?" akauliza.

"Nimemshika, anacheza. Lakini moyo siwezi kukwambia kitu sijasikia."

Baadaye, nje, Sista alinieleza kwamba mtoto wa kwanza wa Mkanjala alizaliwa kimya. Kila akija kliniki alikuwa na swali hilo moja. Wakunga wengine wangemwambia ndiyo, anapiga, nenda nyumbani. Sista Wakesho hakuwa na uwezo huo wa kusema ndiyo bure.

Nikamuuliza kwa nini asimpime chumba kingine. Akasema alijaribu stoo ya shuka, Bwana Mwadime akamkataza kwa sababu wageni wataonaje wajawazito wanaingia stoo. Basi Alhamisi moja alichomoa seva ukutani, akasikiliza akina mama wote waliokuwa kwenye benchi, akairudisha. Kule kwenye dawa skrini ziliganda, kadi kadhaa zikaharibika, naye akapewa barua ya onyo. Kwa taratibu za pale barua zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa ya kwenda nyumbani.

Nikamwambia nitaitibu. Nilisema kirahisi sana, na cheti changu cha Mombasa nilikuwa nacho kichwani.

Nilipokwenda kwa Bwana Mwadime, nikakuta na yeye ana dawa yake. Alikuwa ameichora kwa rula. Kasha la plaiwudi, ndani limezungushwa sponji ya godoro, mbele lina mlango, na mlango una kufuli, ufunguo anakaa nao yeye. Kelele itabaki ndani na Sista atabaki nje.

"Bwana Meneja, itakosa hewa," nikamwambia.

"Bi Rukia, hata sisi tunalala na blanketi."

Nilijua itapata moto. Hili nataka mlijue, kwa sababu mkifanya kosa kwa kutojua ni jambo moja, na mkilifanya huku mnajua ni jambo lingine. Lakini yeye ndiye aliyeamua karakana gani iitwe, nami nilikuwa mgeni kwenye kazi, mwanamke peke yangu, na sikutaka isemwe kwamba nabisha. Nikamtafuta seremala. Jumatatu kasha likakaa, godoro ndani, mashine ndani ya godoro, na kitambaa cha krosheti, kwa sababu mtu hawezi kukitupa, kikarudishwa juu. Kelele ilipungua kweli. Bwana Mwadime akanipa mkono.

Jumanne kabla ya saa nne, joto la Voi likiwa ndio linaanza, seva iliganda. Mstari mapokezi ukafika kwenye maua. Bwana Mwadime alikuwa amekwenda mkutanoni Wundanyi na ufunguo mfukoni. Halafu chumba cha Sista kikaanza kunuka godoro linaloungua. Yeye alikuwa na mama kitandani. Akamtoa mama nje, akarudi, akachomoa waya ukutani. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

Barua ya pili ilitoka keshoye: kuzima mitambo kwa mara ya pili. Kulikuwa na kikao, nami niliitwa kama mtaalamu. Bwana Mwadime akasema mashine ilikuwa ikifanya kazi kimya kwa mara ya kwanza tangu ije, Sista akaikata umeme. Akaniuliza kama mashine huweza kuharibika ikikatwa umeme ghafla. Nikasema ndiyo, huweza. Hakuniuliza kuhusu sponji, na mimi sikusema. Nilitazama kucha zangu. Sista Wakesho alinitazama mara moja tu, akatia sahihi kwamba amepokea barua, akarudi kazini. Nimefanya makosa mengi katika miaka yangu, nimewahi kuunguza hata mashine ya hakimu, lakini hakuna siku niliyojichukia kama ile.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisini kwa Bwana Mwadime nikamwambia waziwazi: kosa ni la kasha, kasha tumelitengeneza sisi wawili, Sista ameiokoa kliniki isiungue. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Barua imeshapigwa chapa," kama anayesema mtu ameshazikwa. Akaongeza kwamba wafadhili wanakuja Jumanne ya wiki mbili zijazo kukagua, na kwamba siku hiyo seva iwake, na atakayeizima hatahitaji kikao.

Jumamosi ya mwisho kabla ya wageni, mchana, kliniki ikiwa imefungwa, nilikwenda na sanduku langu la vyombo. Nilimkuta Sista anakunja shuka. Nikamwambia, "Sista, ile siku kikaoni nilikosa. Nilijua na sikusema." Akaendelea kukunja. Kisha akafungua droo, akatoa kile kipembe, akanipa. "Kama hiki kinasikia feni kwa tumbo la mtu," akasema, "kitasikia pia kwa tumbo la feni."

Basi nikafanya kama Mzee Kilonzo na bisibisi yake. Kwanza nikalibomoa kasha la plaiwudi, kufuli na yote, nikalitupa. Nikawasha mashine ikiwa uchi, nikapita na kipembe pande zote, sikio moja ndani, jingine limezibwa kwa kidole. Na nikajifunza kwamba kelele moja ilikuwa kelele tatu. Feni yenyewe ilikuwa inakwaruza, bushi yake, pale mhimili unapozungukia, imelika. Kiunzi cha mashine kilikuwa kinatetemeka pamoja nayo, kwa sababu feni imekazwa chuma kwa chuma. Na kubwa kuliko zote ilikuwa meza. Ile meza ya chuma, tupu chini, ilikuwa inapokea mtetemo mdogo na kuutangaza.

Andikeni hili, maana ni kazi ya bure na watu wengi huiruka. Nilinunua patipati za mpira, hizi ndara za kuogea, nikazikata vipande vinne vinene, nikaviweka chini ya mashine kama miguu. Nusu ya ngurumo ikafa hapo hapo, kabla sijafungua kitu. Miezi yote ile, sponji, seremala, kufuli na barua mbili, na nusu ya ugonjwa ilikuwa inangoja patipati.

Halafu nikachomoa umeme, nikaiacha pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, ikae, maana mle ndani kuna vikopo vinavyohifadhi umeme na havina adabu. Nilipoifungua nikatoa vumbi la kujaza kikombe, na nyuzi za krosheti zimejisokota kwenye feni. Feni ya zamani nikaibandua karatasi ya katikati, nikaitia tone la mafuta ya cherehani. Ikanyamaza. Nikanywa maji, nikajisifu, na baada ya nusu saa ikaanza tena, kwa sababu bushi iliyolika haidanganywi. Nikaitoa, nikaitia mfukoni, nikaweka nyingine niliyoing'oa kwenye mashine iliyokufa pale karakana, nikaifunga kwa vipande vya tyuba ya baiskeli kati ya chuma na chuma.

Feni mpya ilikuwa inakwenda kwa volti kumi na mbili. Waya wake mweusi nikautoa penye sifuri, nikauunganisha kwenye laini ya volti tano, ikabaki inapata saba, ikawa inazunguka polepole. Hewa ingepungua, na joto letu mnalijua, kwa hiyo nikakata ule uso wa bati wenye vitundu uliokuwa unaizuia na kupiga mluzi, nikaweka wavu wa waya mahali pake, na soksi ndefu ya nailoni upande wa kuingiza hewa kuzuia vumbi. Nikaisogeza mashine kutoka ukutani. Nikakitoa kitambaa, nikakikunja vizuri, nikakiweka droo ya chini kabisa. Nikaiwasha na kuizima mara kumi kuhakikisha feni inaanza yenyewe ikiwa baridi. Kisha tukakaa mpaka alasiri, Sista na mimi, mkono wangu juu ya chuma. Ilikuwa vuguvugu tu.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka. Tazama taa."

Akacheka kidogo. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Jumanne ya wageni nilifika mapema, niwe karibu. Mkanjala alikuwa wa kwanza kwenye benchi, tumbo sasa limeshuka, leso mbili, anajipepea na kadi yake. Walipoingia na Sista, pazia likafungwa. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Bwana Mwadime, aliyekuwa hajaonekana kliniki tangu Ijumaa, alikuwa amefika mapema kuliko mimi. Aliona seva haina nguo, na wageni wako njiani. Akatafuta droo baada ya droo mpaka akakipata kile kitambaa, akaifunika haraka haraka kwa mikono yake, masikio yako barabarani kwa wageni, mbele kikashuka kama zamani, juu ya taa.

Wageni wakapanda barazani, akawapanga mbele ya dirisha. "Na hapa," akasema, "ndipo penye seva yetu." Akanyoosha kidole, akangoja. Hakukuwa na ngurumo. Tai ikapanda na kushuka shingoni.

"Sista," akaita kupitia dirishani, mbele ya watu wote, "umeizima tena."

Nyuma ya pazia Sista alikuwa ameinama juu ya kipembe, macho kwenye saa. Mkono wake mmoja ukatokea pembeni ya pazia, vidole vimenyooka, kama anayemzuia mtu mlangoni.

"Wageni wetu mtaona wenyewe tunavyosumbuliwa," Bwana Mwadime akasema. Nilianza, "Bwana Meneja, inawa..." lakini alikuwa ameshaingia. "Nitaiwasha mwenyewe," akasema. Akapenyeza kidole chini ya krosheti, akabonyeza.

Swichi za mashine zile hazikuuliza maswali. Iliyowaka ukiibonyeza inazima, papo hapo. Kutoka mapokezi ikaja sauti, "Imepotea." Kutoka dirisha la dawa, "Na kwangu." Akabonyeza tena. Mashine ikalia piip, ikaanza kujiwasha upya kutoka mwanzo, na feni yangu ikazunguka bila neno.

Miongoni mwa wageni alikuwapo mama mmoja wa makamo, daktari, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha. Akasema taratibu, "Ilikuwa imewaka, Bwana Meneja. Umeizima wewe." Bwana Mwadime akafungua kinywa. Yule mama akamwinulia kidole. "Na sasa tunyamaze. Sista anasikiliza."

Wakanyamaza wote, baraza nzima, na Bwana Mwadime katikati ya chumba ameshika pindo la kitambaa cha mkewe. Ilikuwa dakika moja kamili, maana Sista hakuwa mtu wa kuhesabu nusu. Kisha tukamsikia.

"Anapiga, Mama. Anapiga vizuri."

Mkanjala alilia. Alijifunika uso na leso akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Sista akafungua pazia kidogo, akanitafuta kwa macho. "Fundi, kuja." Mkanjala akasogeza mkono kunipisha. Nikainama. Nilimsikia, mbio mbio, sawasawa, kama taipureta chini ya mikono ya mtu anayejua kazi, na hakuna herufi iliyochelewa. Nililia na mimi. Halafu nikaenda kukagua diski, kwa sababu kadi mbili zilikuwa zimeharibika, na safari hii kila mtu aliona ni kidole cha nani.

Mngedhani yameishia hapo. Keshoye Bwana Mwadime aliniita ofisini. Aibu haikumgusa, ilimpita ikaenda kukaa kwa wengine. "Bi Rukia," akasema, "mashine ya kliniki haiwezi kuwa kimya. Mimi nitajuaje kama inafanya kazi? Irudishie feni yake. Nisipoisikia, nitajua imezimwa, na aliyeizima namjua." Juu ya meza yake ilikuwapo barua ya tatu, imeshapigwa chapa, jina la Sista limo, imebaki kutiwa tarehe. Aliiacha hapo niione.

Nilitazama barua, nikatazama ukuta wake, nikakumbuka kwamba feni ya zamani ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Nikamwambia, "Bwana Meneja, kwa cheo chako hupaswi kusikiliza seva ukiwa barazani. Nitakuletea ya pili, ikae hapa hapa ofisini, ya kusimamia ile ya kwanza."

Lile neno la kusimamia ndilo lililomaliza kazi.

Ijumaa nikamletea. Kasha zuri la mashine iliyokufa, ndani feni ile ile, imekazwa chuma kwa chuma bila kipande cha tyuba, juu ya kabati lake la mafaili, ambalo pia ni la chuma na linatangaza vizuri. Nikachomeka. Ikanguruma. Bwana Mwadime akafumba macho akaisikiliza, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu yule amefurahi kweli. Barua akaitia droo. Wiki haikwisha kabla kasha halijapata kitambaa chake na namba yake ya mali.

Ilikaa pale miaka. Stima ikikatika na ngurumo ikifa, alitoka nje kutangaza kwamba seva imezima, na stima ikirudi alitangaza kwamba imerudi, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Hakuna aliyemwambia. Sista Wakesho alipitisha pale akina mama sijui wangapi, katika chumba kilichotulia, na alistaafu siku aliyoichagua mwenyewe. Mkanjala alijifungua binti aliyelia tangu kitandani mpaka stendi, na mama yake akimwambia kila mtu njiani asimnyamazishe.

Bwana Mwadime alipohamishwa aliandika mwenyewe orodha ya vitu vya kukabidhi. Niliiona. Meza moja, viti vinne, kabati moja la chuma. Halafu: seva ya usimamizi, moja, inafanya kazi vizuri sana.

Nilidanganya, na fundi hapaswi kudanganya. Lakini nilikuwa nimeshakaa kimya mara moja kwenye kikao kile, na nikipima yote mawili, lile kasha halinisumbui usingizi. Kwa hiyo msilivunje. Lirudishieni kifuniko, feni muichomeke kwenye umeme mkitaka kuisikia, na mafuta msiitie hata tone.